Maji Yaliyosingiziwa

Njia ya gari kuelekea lango la maji la Kanyembo ilikatika ghafla kwenye kichaka, na Inspekta Tshiela aliliona jambo hilo kwa macho yake leo hii tu, wakati mtu aliyekamatwa naye alikuwa mahabusu tangu Jumapili.

Alizima jeep, akashuka. Mbele yake kijia chembamba kiliteremka bondeni kati ya majani yaliyomfika kifuani. Alijaribu kumwona Stany Ngoy akipita hapa na pipa lake la asidi, lile pipa la buluu walilolikuta uani kwake mtaani Manika likiwa limebaki nusu. Mtu mmoja habebi pipa kama lile begani. Atalibingirisha, na likibingirika majani yatalala, na yataungua kila mahali litakapodondosha. Haya yalikuwa yamesimama wima, mabichi, pande zote mbili.

Zéphirin, mlinzi wa lango, alikuwa akimsubiri kijiani na koti lake la mvua la shirika la maji.

"Tata Zéphirin, kuko njia ingine ya kufika ku mayi?"

"Hakuna, mama Inspecteur. Ni hii tu. Ule upande ingine ni matope, hata mbuzi anazama."

"Siku ile ya samaki, ulikuta majani imelala?"

"Sikuangalia majani," alisema mzee. "Niliangalia samaki."

Wakateremka. Kesi nzima ilikuwa imeanza na samaki hao. Kijito cha Kanyembo kilikuwa kikiunywesha mtaa wa Kapata wote na sehemu ya Manika. Asubuhi moja ya wiki iliyotangulia, samaki waliokufa walionekana wakielea mbele ya lango. Mhandisi Ntambwe, mkuu wa mipango wa shirika la maji, alichota maji hapo hapo akayapeleka maabara, na maabara ikakuta asidi ya kuunguza. Mkurugenzi akaamuru lango lifungwe. Kapata ikakauka. Watu wakarudi kwenye kisima cha zamani nyuma ya nyumba za kampuni ya madini, kisima kilichoachwa kwa sababu vyoo vilikuwa karibu mno. Kuhara kukaingia nyumba kwa nyumba, na binti mdogo wa mama mmoja aitwaye Mado akafa. Tangu siku hiyo kesi ilikuwa ya mauaji.

Stany alikuwa mkandarasi mdogo. Shirika lilikuwa limetangaza zabuni ya kulizungushia uzio bonde la Kanyembo na kupanda miti kwenye chemchemi zake. Stany aliiomba kazi hiyo akashindwa. Wafanyakazi walimsikia uani kwa shirika akisema kwamba wanaomnyima kazi ya maji siku moja watakunywa matope. Halafu likapatikana pipa. Alipoulizwa, alisema ni asidi ya batri anayowasambazia wenye magari. Tshiela hakwenda kuwauliza wenye magari. Alimkamata Jumapili, mlangoni mwa kanisa, akiwa bado na joho la kwaya.

Lango lilikuwa ukuta mfupi wa saruji uliokikatiza kijito, wenye mlango wa chuma na gurudumu la kuufungulia. Maji yalijaa nyuma ya ukuta, yakamwagikia pembeni na kurudi porini bila kumnywesha mtu. Tshiela alipiga magoti kwenye pembe, mahali yalipotulia. Kundi la viluwiluwi lilikuwa likizungukazunguka hapo, vyeusi, vinene, na vingi tayari vilikuwa vimeota miguu ya nyuma.

Alivitazama kwa muda mrefu. Kiluwiluwi hakioti miguu kwa siku chache. Hivi vilikuwa hapa kabla ya asidi, vilikuwa hapa siku ya asidi, na vilikuwa hapa sasa, vikila.

Alipapasa ukuta chini ya maji. Utando wa kijani uliofunika saruji ulikuwa mzima na laini. Akafuta mkono kwenye sketi, akatoa simu na kufungua picha ya samaki, ile ile iliyozunguka kwenye simu za mji wote wa Kolwezi. Alikwisha kuitazama mara nyingi. Alikuwa akitazama vifo, hakuwatazama samaki. Walikuwa tilapia wakubwa wa kujaa sahani, na mikia yao yote ilikuwa imepinda upande mmoja. Kila alipokwenda chambre froide, duka la samaki wa kugandishwa, kununua samaki wa nyumbani, walitoka kwenye katoni hivyo hivyo, wamelaliana, mikia imekunjwa na ukingo wa katoni.

"Hapa munavuaka samaki?"

"Batoto banavua," Zéphirin alisema, akaonyesha kidole chake kidogo. "Ya hivi."

"Nani alikuwa wa kwanza kuona bale bakubwa?"

"Ingénieur Ntambwe. Alinikuta ku kibanda, akanituma niende kuita chef wa mashine ya mayi. Tulirudi na chef, akatuonyesha."

"Kabla ya pale, asubuhi, haukupita hapa?"

"Nilipita. Nilikuya kuangalia gurudumu kama kila siku. Hakukuwa kitu."

Tshiela alisimama. "Juu ya nini haukusema hii, tata?"

Mzee alimtazama bila ubaya wowote. "Hakuna mutu aliniuliza, mama. Baliniuliza tu juu ya Stany."

Aliyemwuliza alikuwa Tshiela mwenyewe. Tshiela alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Akatoa chupa mbili tupu, akazijaza nyuma ya ukuta, akapanda kijia bila kuaga.

Chupa ya kwanza aliiacha maabara ya hospitali, akaomba wampigie simu. Ya pili aliibeba mpaka ofisi ya mipango ya shirika la maji.

Ntambwe alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri. Ukuta mzima nyuma ya meza yake ulifunikwa na ramani: Kolwezi, mashimo ya shaba, mto Lualaba, na vijito vyote vinavyouelekea, kila bonde na rangi yake. Siku ya kwanza ya upelelezi alimweleza Tshiela ramani hiyo kwa uvumilivu wa mwalimu. Ulikuwa mpango wa maji wa watu ambao bado hawajazaliwa: wapi miti isikatwe, wapi kusichimbwe. Alieleza kwa Tshiluba, lugha ya mama yake Tshiela, ambayo hakuna mtu aliyemsemesha tangu mama huyo afariki. Tshiela alitoka pale siku ile akiwa na hakika kwamba amezungumza na mtu safi. Alipomwuliza nani angeweza kuwa na kinyongo na shirika, Ntambwe alisita kidogo, akasema hapendi kumtaja mtu, ila kuna mkandarasi mmoja alitoka hapa na hasira.

"Moyo, mamu," Ntambwe alimsalimu sasa kwa Tshiluba, akainuka.

"Leo tuseme Kiswahili, tata Ntambwe."

Mhandisi akaketi polepole. Tshiela akavuta glasi iliyokuwa kwenye sinia pembeni mwa meza, akaimimina chupa yake, akaijaza.

"Hii mayi umetoa wapi?" Ntambwe aliuliza.

"Kanyembo. Nyuma ya lango."

Akainua glasi, akanywa. Alikunywa bila haraka, mpaka chini. Ntambwe alikuwa na mikono yake juu ya meza na haikuondoka. Tshiela alirudisha glasi kwenye sinia.

"Umeniona nakunywa."

"Nimekuona."

"Ni wewe uliandika kama mayi ya Kanyembo inaunguza tumbo. Mi ni mama wa batoto, nakunywa mbele yako, na haukuinuka. Haukusema hata *ngoja*."

Nje, ngazini, mtu alipita akicheka na simu. Ntambwe aliitazama glasi tupu.

"Ulijua haina kitu," Tshiela alisema.

"Nilijua."

"Samaki uliuza wapi?"

"Ku chambre froide. Ya kule njia ya Kapata." Katanga nzima husema *kuuza* hata mtu anaponunua, na mhandisi alijibu kama vile anaulizwa bei ya sokoni. "Niliyeyusha usiku ndani ya beseni. Asidi nilitia ndani ya chupa ya maabara. Ni ya batri ya gari yangu. Ndani ya mayi yenyewe sikutia hata kidogo. Sikuweza."

"Juu ya nini?"

Aligeuza kiti, akaitazama ramani kama mtu anayeomba msaada.

"Zabuni ya uzio ilikuwa imetoka. Kazi ilikuwa imepata mwenyewe. Sasa siku moja tunaitwa mu mukutano, banatuambia kazi imesimama, bonde imeombwa na kampuni ya mgodi, inaweza kuondolewa mu mpango ya mayi. Nilisema. Nilionyesha ramani. Kama banachimba mu chemchemi ya Kanyembo, Kapata itakunywa nini kisha? Bote balikuwa banaangalia simu. Nikawaza, batu habaogope ramani. Bataogopa samaki ya kufa. Kama bakiona kama bonde inaweza kuharibika siku moja, batailinda. Batatia uzio, batatia walinzi. Ilikuwa tu kuogopesha, mama. Siku mbili, tatu, mi mwenyewe ningerudi kupima, ningesema mayi imejisafisha."

"Na haukurudi."

"Mukurugenzi hakutia uzio. Alifunga lango, na kesho yake alitangaza zabuni ingine, ya visima. Visima virefu, mu mitaa yote. Kampuni zilijaa hapa uani tangu asubuhi." Akanyoosha mkono kwenye ramani, bila kuigusa. Bonde la Kanyembo, lililokuwa kijani, lilikuwa limechorwa mistari ya kalamu nyeusi. "Banasema chanzo imepotea. Balinituma mi mwenyewe niifute. Niliifuta."

"Kisha mutoto akakufa."

"Kisha mutoto akakufa," alisema. "Pale sikuweza tena kusema. Kila asubuhi nilivaa niende kwenu ku polisi, nikafika ku rond-point, pale barabara zinakutana, nikarudi."

"Na Stany?"

Ntambwe aligeuza kiti tena kuelekea mezani. Simu ya Tshiela ikalia: hospitali. Alisikiliza, akashukuru, akakata.

"Mayi ni safi," alisema. "Gurudumu ya lango, nani anaweza kuifungua?"

"Mi niko na funguo."

"Basi simama. Lakini tunapita kwanza kwetu."

Alimpigia mwendesha mashtaka simu akiwa ngazini, akaeleza kwa maneno machache, akapata ruhusa ya kufungua lango. Sauti ya upande wa pili ilimwuliza itakuwaje kuhusu yule mwingine, yule wa kanisani. Tshiela akasema anakwenda kumtoa mwenyewe.

Stany Ngoy alitolewa akiwa na suruali ya Jumapili, imekunjamana, na shati ambalo mkewe alimletea. Alikuwa mtu mfupi, mnene wa mabega. Alimsikiliza Tshiela mpaka mwisho, amesimama, maana hakukubali kiti.

"Ile asidi ni ya batri," alisema. "Nilikuambia. Nilikupa majina ya batu banaiuza kwangu."

"Ulinipa."

"Ulienda kuwauliza?"

"Hapana."

"Juu ya nini?"

Tshiela alikuwa na majibu ya kikazi: maneno ya vitisho yaliyosikika, pipa, shinikizo la mtoto aliyekufa. Yote yalikuwa kweli. Stany alitazama kupitia dirishani, ambako Ntambwe alikuwa ameketi kwenye jeep, kichwa chini.

"Huyu njo yeye?"

"Ni yeye."

"Alikusemesha Tshiluba, si hivi?"

Askari wa zamu alijishughulisha na kufuli.

"Ndiyo," Tshiela alisema.

Stany alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea kitu alichokuwa anakijua. "Batoto yangu bote balikuwa pale mulangoni. Ule mudogo sasa hataki kuenda ku masomo. Banamuita mutoto wa sumu."

"Nitaenda ku masomo. Nitaenda na ku kanisa. Nitasema mbele yao nilikosea."

"Utasema," Stany alijibu, si kwa kukubali wala kukataa. Tshiela akamwambia kwamba gari litamfikisha nyumbani. Akakataa. "Nitatembea katikati ya Manika, ku mchana huu. Batu banione nimetoka kwa miguu yangu."

Akapita karibu na jeep. Ntambwe aliinua uso, akataka kusema neno. Stany hakupunguza mwendo.

Kule Kanyembo, Ntambwe aliteremka kijia mbele, Tshiela nyuma. Hakuwa amemfunga pingu kwa sababu gurudumu lilihitaji mikono miwili. Zéphirin aliwasaidia kulianzisha, kisha mhandisi akalizungusha peke yake, shati likimlowa mgongoni, mpaka mlango wa chuma ukainuka na maji yakaingia kwenye bomba kwa mngurumo. Zéphirin aliangalia mmoja, akaangalia mwingine. Safari hii Tshiela alimuaga vizuri.

Barabara ya kurudi mjini ilipita katikati ya Kapata, kati ya safu za nyumba za kampuni zenye kuta zinazofanana. Habari zilikuwa zimefika kabla yao. Kwenye bomba la kona wanawake walijaa na bidon zao, madumu ya njano, mpaka barabarani. Maji yalianza kutoka mekundu ya kutu, yakakohoa, yakawa meupe. Jeep haikuweza kupita. Tshiela alisimamisha, na kabla hajafunga vioo mtu mmoja akamtambua aliyekaa pembeni yake.

"Ni Ingénieur. Ingénieur ameturudishia mayi."

Wakaja. Hawakupiga kelele, walikuwa wamechoka sana kwa hilo. Mwanamke mmoja alimshika Ntambwe mkono kupitia dirishani, mwingine akasema aksanti, tata, aksanti mingi. Ntambwe alifungua mlango akashuka, na Tshiela akashuka upande wake haraka, akidhani anataka kukimbia. Hakukimbia. Alisimama palepale, mikono chini, wakimshukuru.

Mama Mado alitoka kwenye foleni. Alikuwa kijana, amefunga kitambaa cheusi cha kilio, na bidon yake ilikuwa imekwisha kujaa kwa kuwa wenzake walimpisha mbele.

"Tata Ingénieur," alisema, "ulikuya ku kilio ya mutoto yangu. Bakubwa bote ya shirika, ni wewe peke yako ulikuya. Leo umetuletea mayi. Mungu akukumbuke."

Tshiela hakujua habari hiyo. Alimtazama Ntambwe. Midomo ya mhandisi ilikuwa mikavu, imepauka.

"Mama Mado, usinishukuru," alisema.

"Juu ya nini nisikushukuru?"

"Mayi haikukuwa na kitu. Tangu mwanzo. Samaki, mi njo nilibaweka. Nilisema uongo, balifunga lango juu ya uongo yangu, na mulienda ku kisima."

Wanawake wa karibu waligeuka, kisha wa nyuma yao, na bomba likawa linamwagika kwenye bidon ambayo hakuna aliyekuwa akiiangalia. Tshiela alisogea hatua moja kumkinga mtu wake. Hakuna aliyemgusa.

"Ulikaa pembeni ya bwana yangu," Mado alisema. Sauti yake haikupanda. "Nilikuletea sahani ya bukari kwa mukono yangu. Ulikula."

"Nilikula."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Mado alimgeukia Tshiela. "Na wewe, mama Inspecteur? Ulikuya kwangu, ukaniambia ni Stany. Nilimulaani Stany mbele ya Mungu, asubuhi na mangaribi."

"Nilikosea, mama. Nimejua leo."

"Leo," Mado alirudia.

Hakulia. Alitazama bidon yake iliyojaa miguuni pake, akainama, akakunja kata ya kitambaa na kuiweka kichwani. Bidon ilikuwa nzito kwa mtu mmoja kujitwisha. Ntambwe, bila kufikiri, alinyoosha mikono kumsaidia, na upande wa pili Tshiela naye akanyoosha yake.

Mado alinyooka na kusubiri. Hakuwatazama. Alisubiri tu mpaka mikono yao ikashuka.

"Joyeuse," alimwita jirani yake, "kuya unitwike. Kule nyumbani bote bako na kiu."

Joyeuse akaja, akamtwika. Mado akashika njia kati ya nyumba za kampuni, shingo imenyooka, na wanawake wakawageuzia mgongo wale wawili waliobaki kando ya jeep, wakarudi kwenye foleni.